Kamati za Ulinzi za San Francisco, 1851 na 1856: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamati ya Ulinzi ilikuwa kitu gani?

Ilikuwa jumuiya ya raia wa San Francisco, California, waliojichukulia sheria mkononi kwa mpangilio kamili. Walikuwa na katiba, katibu, mweka hazina, vikosi vyenye silaha, mahabusu yao na kitanzi chao. Iliundwa mara mbili, mwezi Juni 1851 na mwezi Mei 1856, na kila mara ilivunjwa na wenyewe baada ya miezi michache. Ile ya kwanza iliandikisha watu wapatao 700. Ya pili ilijitangazia maelfu, na hesabu inayotajwa zaidi ni kati ya 6,000 na 8,000, katika mji ambao hata miaka minne baadaye, sensa ya 1860, ulikuwa na watu 56,802 tu.

Wengi huzisimulia kamati hizi kama kitu kimoja. Hapo ndipo hadithi inapoanza kupinda. Ya 1851 ilihusu wezi na moto. Ya 1856 ilianza na mauaji mawili, ikaishia kwenye swali la nani atawale mji.

Mji wenyewe ulikuwaje wakati huo?

Mwanzoni mwa 1847 bado uliitwa Yerba Buena, kijiji cha pwani kilichotekwa na Wamarekani kutoka Mexico mwaka mmoja kabla. Januari 1848 James Marshall aliokota dhahabu kwenye mfereji wa kinu cha mbao kule Coloma, na siku chache baadaye Mexico ikatia saini mkataba wa kuiachia Marekani California. Mji uliokuwa na watu kama 1,000 ukafikia takribani 25,000 mwishoni mwa 1849. Karibu wote walikuwa wanaume, karibu wote vijana, na karibu kila mmoja alikuja akiwa na nia ya kuchuma na kurudi kwao. Mabaharia walizitelekeza meli bandarini wakakimbilia machimboni. Nyingine zikageuzwa maghala na nyumba za kulala wageni.

Walikuja Wachile, Wafaransa, Wachina, Wairlandi, Waaustralia, Wajerumani na Wamarekani wa kila jimbo. California ilikubaliwa kuwa jimbo la Marekani tarehe 9 Septemba 1850. Kwa hiyo mwaka 1851 serikali ya jimbo lenyewe haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja.

Kwani hakukuwa na polisi na mahakama?

Vilikuwepo. Hili ni muhimu, kwa sababu watetezi wa Kamati hupenda kuuchora mji kana kwamba ulikuwa pori tupu. Kulikuwa na majaji, sherifu, mawakili wengi kupita kiasi, na juri, yaani raia 12 wa kuamua kesi. Mwaka 1851 vyombo hivyo vilikuwa dhaifu na jela ilitorokwa ovyo. Mwaka 1856 mahakama zilikuwa zimekamilika na zikifanya kazi. Tatizo lilikuwa kwamba wafanyabiashara hawakuziamini, wala hawakuwaamini waliozisimamia.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: wafanyabiashara hao hao walizikwepa kazi za juri na kura za mitaa kwa miaka mingi kwa kuwa ziliwapotezea muda wa biashara. Waliwaachia wengine siasa za mji, kisha wakashangaa kukuta wengine ndio wanaozishika.

Fujo za kwanza zilitoka wapi?

Kwa Wamarekani wenyewe. Kulikuwa na genge lililojiita Hounds, wengi wao askari walioachishwa kazi baada ya vita vya Mexico, ambao walitembea na ngoma na bendera wakidai wanalinda mji dhidi ya wageni. Usiku wa tarehe 15 Julai 1849 walivamia mahema ya Wachile chini ya kilima cha Telegraph, wakapiga, wakapora na kufyatua risasi. Kesho yake Sam Brannan, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuwauzia wachimbaji vifaa, aliwahutubia watu na kuchangisha fedha za kuwasaidia wahanga. Raia wapatao 230 waliapishwa wakawakamata watuhumiwa karibu 20, ambao walifungiwa kwenye meli ya kivita kwa kuwa jela ya maana haikuwepo. Walihukumiwa vifungo, lakini vifungo havikutekelezwa. Kila mtu aliona.

Bata wa Sydney ni kina nani?

Ni jina la kejeli walilopewa watu waliotoka makoloni ya Uingereza kule Australia, baadhi yao wafungwa wa zamani. Mtaa wao uliitwa Sydney-Town, chini ya kilima kile kile cha Telegraph. Walikuwemo wahalifu kweli. Lakini walikuwemo pia mafundi, wapagazi na wenye vilabu vya pombe, na wote walitiwa kapu moja. Mji ulipoungua vibaya mara sita kati ya Desemba 1849 na Juni 1851, lawama iliwaangukia wao, ingawa mji ulijengwa kwa mbao na turubai, ukawashwa kwa taa za mafuta, na upepo wa baharini hauna urafiki na mtu.

Nini hasa kilitokea mwaka 1851?

Februari 1851 mfanyabiashara aitwaye Jansen alipigwa na kuibiwa dukani kwake. Polisi wakamkamata mtu waliyedhani ni James Stuart, mhalifu maarufu kutoka Australia. Yule mtu akaapa kwamba yeye ni Thomas Berdue na hajawahi kuwa mtu mwingine. Umati ukakusanyika ukitaka anyongwe pale pale. Badala yake raia waliendesha “kesi” yao wenyewe, na aliyesimama kama mwendesha mashtaka alikuwa kijana mfanyabiashara, William T. Coleman; jina hilo mtakutana nalo tena. Juri lao lilishindwa kuafikiana, wajumbe watatu wakikataa kumtia hatiani. Mahakama halali baadaye zikamhukumu, na kule Marysville, akidhaniwa bado ni Stuart, Berdue akahukumiwa kifo kwa mauaji.

Katikati ya hayo, mwezi Mei, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Juni ikaundwa Kamati. Usiku wa tarehe 10 alikamatwa John Jenkins, aliyeiba kasha la fedha ofisini gatini na kujaribu kulitorosha kwa mashua. Kengele ya kikosi cha zimamoto iligongwa kuwaita wanachama, akasikilizwa haraka haraka, na kufikia saa nane usiku alikuwa ananing'inia kwenye nguzo ya jengo la forodha la zamani, uwanjani. Kwa wizi wa kasha.

Kisha Julai, kwa bahati tu, Kamati ikamnasa James Stuart halisi. Alikiri mengi. Ndipo ikabainika kuwa Berdue, aliyekuwa akisubiri kunyongwa kule Marysville, hakuwa na kosa lolote. Stuart alinyongwa gatini tarehe 11 Julai, na Berdue akaachiwa. Watetezi wa Kamati husema: mnaona, iliokoa maisha ya mtu asiye na hatia. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwezi Februari mtu huyo huyo alinusurika mikononi mwa umati kwa ukaidi wa wajumbe watatu.

Agosti wakachukuliwa watuhumiwa wengine wawili, Whittaker na McKenzie. Gavana McDougal mwenyewe alishiriki kuwaokoa kutoka kwa Kamati, wakarudishwa jela ya serikali. Jumapili ya tarehe 24, wafungwa wakiwa kwenye ibada, wanachama waliivamia jela, wakawatoa wawili hao na kuwanyonga kwenye makao ya Kamati muda mfupi baadaye. Jumla: wanne walinyongwa, mmoja akachapwa viboko, 14 wakafukuzwa nchini, wengine wakaamriwa kuondoka au wakakabidhiwa kwa polisi, na 41 wakaachiwa.

Na ya 1856 ilianzaje?

Ilianza na ugomvi wa viti vya ukumbi wa maonyesho. Novemba 1855, mke wa William Richardson, ofisa wa serikali kuu aliyesimamia utekelezaji wa amri za mahakama, alikasirika kuona kwamba karibu naye ameketi Belle Cora, mwanamke tajiri mwenye danguro, pamoja na mpenzi wake Charles Cora, mcheza kamari. Richardson alitaka watolewe. Uongozi wa ukumbi ukakataa. Siku mbili tatu baadaye Richardson na Cora walikutana mitaani, wakabishana, Cora akampiga risasi Richardson akafa.

Belle alimwaga fedha kwa ajili ya utetezi. Wakili alikuwa Edward Baker, mmoja wa wasemaji hodari wa zama zile, na hoja yake ilikuwa kwamba Cora alijihami. Januari 1856 juri likashindwa kuafikiana. Kwa mujibu wa sheria, kesi ilitakiwa irudiwe. Kwa mujibu wa gazeti moja la jioni, hongo ilikuwa imetembea.

Gazeti gani? Na “James King of William” ni jina gani?

Gazeti ni *Daily Evening Bulletin*, lililoanza Oktoba 1855. Mhariri wake alitoka Washington, ambako kulikuwa na James King wengine kadhaa, kwa hiyo akajitofautisha kwa kuongeza jina la baba yake. Kama mngesema Juma wa Salehe.

Alikuwa mwenye benki kabla ya kuwa mwandishi, na biashara yake ilifilisika katika mporomoko wa mabenki wa miaka ile. Aliingia kwenye uandishi akiwa na hasira, deni na kalamu kali. Aliwataja watu kwa majina: majaji, wacheza kamari, wanasiasa, mabenki. Mauzo yakapaa. Kuna waliomwona shujaa wa uwazi, na kuna waliomwona mchochezi. Nadhani alikuwa vyote viwili, mara nyingi ndani ya tahariri moja.

Alimwandika nini Casey?

James P. Casey alikuwa diwani, mhariri wa kigazeti cha Jumapili na kiongozi wa kikosi cha zimamoto cha Crescent. Tarehe 14 Mei 1856 *Bulletin* lilichapisha kwamba Casey aliwahi kufungwa gereza la Sing Sing, New York, na kwamba alijipenyeza kwenye udiwani kupitia sanduku la kura katika eneo ambako inasemekana hakuwa hata mgombea. King aliongeza kwamba kwa ulaghai huo shingo ya Casey inastahili kunyooshwa.

Casey akaenda ofisini kwa mhariri kulalamika, akaambiwa atoke. Saa moja hivi baadaye, King akielekea nyumbani, Casey alimzuia mtaa wa Montgomery, akamwambia ajihami, akafyatua bastola. Risasi ilipita kifuani karibu na bega. Casey akajisalimisha polisi papo hapo, na hapo marafiki zake serikalini walimkimbiza jela kwa usalama wake zaidi kuliko wa mji.

King hakufa siku hiyo. Alilala siku sita. Madaktari waliziba kidonda kwa sponji na kuiacha ndani kwa siku kadhaa, na baadaye wapo matabibu waliodai kuwa sponji hiyo ndiyo iliyomuua, si risasi. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka. Mbele ya kitanzi yasingemsaidia Casey chochote.

Walimtoaje jela?

Kesho yake Coleman, sasa akiwa mfanyabiashara mkubwa mwenye heshima, alikubali kuongoza Kamati mpya. Watu walijipanga foleni kujiandikisha. Kila mmoja akapewa namba, na matangazo yakasainiwa “33, Katibu” badala ya jina. Nembo ilikuwa jicho lililofumbuliwa. Waligawanywa katika vikosi vya watu 100, wakafanya gwaride maghalani.

Jumapili ya tarehe 18 Mei maelfu walitembea hadi jela ya mtaa wa Broadway wakiwa na bunduki. Wakavuta mzinga, wakauelekeza kwenye mlango, wakausheheni mbele ya macho ya walinzi. Sherifu Scannell alikuwa na watu wachache tu ndani. Gavana Johnson na mwenye benki mmoja aitwaye William Tecumseh Sherman waliangalia yote hayo kutoka juu ya paa la hoteli. Sherifu akamtoa Casey. Baadaye wakarudi kumchukua Cora pia, ambaye kesi yake ilikuwa bado mbele ya mahakama.

Je, walipewa nafasi ya kujitetea?

Kwa namna fulani. Walipewa watetezi kutoka miongoni mwa wanachama wa Kamati yenyewe, mashahidi waliitwa, maneno yakaandikwa. Lakini waamuzi walikuwa Kamati, walalamikaji walikuwa Kamati, na rufaa haikuwepo. King alifariki tarehe 20 Mei, kesi ikiwa inaendelea. Tarehe 22, msafara wa mazishi ukiwa mitaani, Casey na Cora walisimamishwa kwenye vibao vilivyotokezwa madirishani, orofa ya juu ya makao ya Kamati mtaa wa Sacramento, wakanyongwa. Muda mfupi kabla, Belle aliletwa akafunga ndoa na Cora mbele ya padri.

Makaburi yao yapo Mission Dolores. La Casey lilijengewa mnara na wazimamoto wenzake, na juu yake kuna maneno ya kumwomba Mungu awasamehe waliomtesa.

Makao hayo yaliitwaje?

Fort Gunnybags, kwa sababu ya kuta za magunia yaliyojaa mchanga zilizozunguka jengo, na mizinga juu yake. Ndani kulikuwa na vyumba vya mahabusu, ghala la silaha na ukumbi wa halmashauri kuu. Kengele ilikuwa darini. Jengo liliteketea katika moto wa 1906.

Kura ziliibiwa kweli, au ulikuwa uzushi wa wapinzani?

Ziliibiwa. Kamati ilionyesha hadharani sanduku la kura lenye kitako na pande za uongo, ambamo kura hewa zingeweza kuwekwa kabla upigaji haujaanza na kumwagwa ndani kwa kusogeza kibao. Bondia Yankee Sullivan alikiri akiwa mahabusu kwamba alishiriki kuchakachua uchaguzi uliompa Casey udiwani. Tarehe 31 Mei Sullivan alikutwa amekufa ndani ya chumba chake, mshipa wa mkono umekatwa. Kamati ikasema kajiua. Huenda ndivyo, alikuwa mlevi, mgonjwa wa hofu, na alikuwa amewaona wenzake wawili wakipita dirishani.

Kwa hiyo uchafu ulikuwepo. Ubishi ni kama tiba yake ilikuwa kitanzi, na kwa nini kitanzi kiliangukia upande mmoja tu wa siasa.

Basi ilikuwa vita dhidi ya uhalifu au vita ya kisiasa?

Hapa nitasema ninavyoona, na wasomaji wengine wa historia hii watapinga.

Angalieni orodha ya waliofukuzwa mwaka 1856. Ni watu zaidi ya 20, na wengi wao hawakuwa wezi wa madukani. Walikuwa makada wa mitaani wa chama cha Democratic: wasimamizi wa vituo vya kura, wababe wa milangoni, wazimamoto, wengi wao Wairlandi Wakatoliki waliohamia kutoka New York. Juu yao alikuwa David Broderick, mtoto wa mchonga mawe wa Kiirlandi, aliyeleta California mbinu za siasa za New York: kila mtaa na mtu wake, kila mtu na fadhila yake. Kamati haikumkamata Broderick. Iliwakata wapambe wake.

Sasa angalieni halmashauri kuu ya Kamati. Waagizaji wa bidhaa, wenye maghala, mawakala wa meli. Wengi Waprotestanti kutoka majimbo ya kaskazini mashariki. Watu hawa walikuwa wameumia. Mabenki makubwa yalianguka Februari 1855, bei za bidhaa zilishuka kwa kuwa meli zilileta mizigo kupita mahitaji, na kodi za mji zilikuwa juu. Mji wenye madeni na hesabu chafu uliwaharibia sifa mbele ya wakopeshaji wao wa New York. Walihitaji serikali rahisi na yenye kuaminika, na kwenye sanduku la kura walikuwa wakishindwa, kwa wizi na pia kwa wingi halali wa wapinzani.

Na kama ni wizi, mwizi mkubwa kuliko wote wa mji ule hakutoka Sydney wala Ireland. Alikuwa Henry Meiggs, mfanyabiashara na mjumbe wa baraza la mji aliyeitwa Harry Mwaminifu, aliyeghushi hati za malipo za mji na kutoroka kwa meli Oktoba 1854 akiacha madeni ya mamia ya maelfu ya dola. Alienda Chile, kisha akatajirika kwa kujenga reli Peru. Hakuna kengele iliyogongwa kwa ajili yake.

Kisiasa mambo yalikuwa na pembe nyingi kuliko mbili. Chama cha Democratic chenyewe kiligawanyika kati ya watu wa Broderick na kundi la watu wa kusini lililopendelea utumwa. Gavana alikuwa wa chama cha American, kilichojulikana kama Know-Nothing, kilichochukia wageni na Wakatoliki. Waliopinga Kamati walijiita chama cha Sheria na Utulivu, na humo ndani waliketi pamoja wapambe wa Broderick, mawakili waungwana wa kusini na majaji: watu ambao wiki moja kabla wasingesalimiana.

Kwa nini gavana hakuwazuia?

Alijaribu. Tarehe 3 Juni alitangaza kuwa kaunti iko katika hali ya uasi na kuita mgambo. Mkuu wa mgambo alikuwa Sherman yule wa juu ya paa, ambaye miaka minane baadaye angeuteketeza mji wa Atlanta. Wachache waliitikia wito; wengi wa mgambo walikuwa tayari ndani ya Kamati na silaha zao. Jenerali Wool, kamanda wa jeshi la serikali kuu, aliombwa bunduki kutoka ghala la Benicia. Sherman alielewa kuwa ameahidiwa. Wool akakataa kutoa. Sherman akajiuzulu na kurudi benki. Gavana alituma wajumbe hadi Washington, lakini Rais Pierce hakuingilia.

Jaji Terry aliingiaje?

Kwa kisu. David Terry, Mteksasi mwenye hasira za karibu, alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya California na adui wa wazi wa Kamati. Tarehe 21 Juni Kamati iliteka jahazi lililokuwa likisafirisha bunduki chache ambazo gavana alifanikiwa kupata. Mchana wake ofisa wa Kamati, Sterling Hopkins, alienda kumkamata mmoja wa waliohusika na silaha hizo. Terry akaingilia, wakavutana bunduki, Terry akamchoma kisu shingoni.

Kengele ikalia, mji mzima ukatoka, na saa chache baadaye jaji wa Mahakama ya Juu alikuwa mahabusu ndani ya magunia ya mchanga. Ni hapo Kamati ilipojikuta pabaya. Hopkins akifa, watamnyonga jaji? Wasipomnyonga, wafuasi wao watasemaje? Wakimnyonga, jeshi la serikali kuu litanyamaza tena? Nina hakika hakuna mtu San Francisco aliyeombewa afya kama Hopkins wiki zile. Akapona. Terry aliwekwa ndani karibu wiki saba, akatiwa hatiani kwa shambulio, kisha tarehe 7 Agosti akaachiwa aende, na sehemu ya wanachama wakaghadhibika.

Mwaka 1859 Terry huyo huyo alimuua Broderick, ambaye sasa alikuwa seneta, katika pambano la bastola karibu na ziwa Merced. Kumbukeni kwamba Terry alipokuwa mahabusu, Broderick alitoa fedha kugharimia gazeti limtetee. Hotuba ya maziko ya Broderick ilitolewa na Edward Baker, wakili wa Cora.

Magazeti yote yaliiunga mkono Kamati?

Karibu yote. Gazeti la *Herald*, lililoiunga mkono Kamati ya 1851, safari hii lililaani. Wafanyabiashara wakaondoa matangazo yao, nakala zikachomwa moto mtaani, na gazeti lililokuwa kubwa likapungua ukubwa siku moja hadi nyingine. Hakuna aliyelifungia.

Wachina na watu weusi walikuwa wapi katika haki hii?

Nje yake. Sheria za California ziliwazuia watu weusi na Wahindi Wekundu kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya mzungu aliyehukumiwa kwa kumuua Mchina aitwaye Ling Sing, ilifuta hukumu kwa kusema katazo hilo linawahusu na Wachina. Muuaji akaokoka. Hukumu hiyo ilitolewa miaka miwili kabla ya Kamati ya pili, na wale waliodai mahakama zimeoza hawakuitaja miongoni mwa malalamiko yao.

Inafanana na “wananchi wenye hasira kali” wa magazeti yetu?

Si sana. Umati wa kumchoma kibaka kwa tairi hauna katibu wala mweka hazina, na hutawanyika polisi wakifika. Kwa muundo, labda sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini wa miaka ya 1980 wanakaribia zaidi: viongozi, zamu, vikao vya kuhukumu. Lakini sungusungu waliinuka vijijini, kwa wizi wa ng'ombe, mahali polisi walikuwa mbali, na serikali ikawaingiza kwenye sheria. Hawa wa San Francisco walikuwa matajiri wa mjini, mwendo wa dakika chache kutoka mahakamani.

Baada ya hapo mji ulitulia?

Kamati iliwanyonga wengine wawili, Hetherington na Brace, tarehe 29 Julai, kisha ikajivunja kwa gwaride kubwa tarehe 18 Agosti. Halafu ikaingia uchaguzini kwa jina la People's Party. Wagombea wake hawakuteuliwa na mkutano wa hadhara. Waliteuliwa na kikao cha faragha cha watu 21. Wakashinda Novemba 1856 na kuushika mji kwa takribani miaka kumi.

Sifa yao kubwa ni ubanaji wa matumizi: kutoka zaidi ya dola milioni 2 mwaka 1855 hadi karibu 353,000 mwaka 1857. Sehemu ya sifa hiyo si yao. Sheria ya kuunganisha mji na kaunti na kuweka kikomo cha matumizi ilikuwa imepitishwa na bunge la jimbo mwezi Aprili, kabla King hajapigwa risasi. Na sehemu nyingine ilitoka kwenye shule na huduma zilizokatwa.

Broderick, kwa upande wake, aliingia Seneti ya Marekani mapema 1857.

Kuna aliyeshtakiwa kwa kunyonga watu?

Hakuna aliyetiwa hatiani. Kesi iliyofika mbali ilikuwa ya John Durkee, aliyeongoza utekaji wa jahazi la silaha. Alishtakiwa kwa uharamia katika mahakama ya serikali kuu, na juri la San Francisco likamwachia haraka. Baadhi ya waliofukuzwa walirudi miaka ya baadaye na kwenda mahakamani kudai fidia.

Coleman alifanya nini baadaye?

Alirudi kwenye biashara. Julai 1877, wafanyakazi wasio na ajira walipowashambulia Wachina na kutishia magati ya kampuni ya meli iliyowaleta, wenye mali walimwendea tena. Aliunda Kamati ya Usalama, akawagawia maelfu ya watu mipini ya sururu. Katika siku chache ghasia zilikwisha na watu wakarudishwa majumbani. Safari hii polisi, gavana na jeshi la majini walikuwa upande wake, na bunduki za akiba zilitolewa na serikali kuu.